Daftari la Pili

Kilo moja ya pamba iliyopimwa Ng'haya, wilayani Magu, huandikwa mara nyingi kabla fedha yake haijamfikia aliyeilima. Huandikwa na chama cha msingi kwenye mizani, huandikwa na kampuni iliyoinunua, huandikwa tena getini pale kiwandani inakochambuliwa. Benki huiandika kama shilingi, halmashauri huiandika kama ushuru, na Bodi ya Pamba, yenye makao makuu hapa Mwanza, huiandika kama takwimu ya msimu. Kila mmoja ana kanzidata yake, iliyojengwa na fundi wake kwa mahitaji yake. Kazi yangu hapa Nyamagana ni kuchukua kilo hiyo kutoka mfumo mmoja, kuirudufu kwenye mwingine, na kuhakikisha kwamba huko ilikofika imebaki kilo ileile.

Vijana ninaofanya nao kazi huiona hii kuwa kazi iliyokuja na seva na intaneti. Mimi naiona ni kazi ya zaidi ya miaka sabini katika mji huu. Waliokuwa wa kwanza kuielewa vizuri hawakuwa mafundi. Walikuwa wakulima wa pamba, na walichokielewa ni jambo ambalo mifumo yetu ya leo, pamoja na kasi yake yote, bado hulisahau.

Katika miaka ya 1940 pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa kwa bei ya serikali na wafanyabiashara wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Mkulima aliitenganisha nyumbani kwake, safi upande mmoja na fifi, ile chafu, upande wa pili, akaifunga, akaipeleka. Akifika, mizani ilikuwa ya mnunuzi, kitabu kilikuwa cha mnunuzi, na jicho lililosoma mshale lilikuwa la mtu wa mnunuzi. Aliyeonewa hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Malalamiko ya mizani yakaenea kote Usukumani, na kuelekea mwaka 1950 vikundi vya wakulima, wa Ukerewe na Uzinza wakiwa mbele, vikaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Pamba ilipimwa kwanza na mtu wa wakulima, uzito ukaandikwa, ndipo ikapanda kwenye mizani ya mnunuzi. Kuanzia hapo mzigo mmoja ukawa na namba mbili, zilizoandikwa na mikono miwili isiyo na masilahi yanayofanana. Zikitofautiana, kulikuwa na jambo la kuuliza na karatasi ya kuulizia.

Paul Bomani aliingia katika habari hii akiwa mtu wa hesabu, na ningependa akumbukwe hivyo zaidi kuliko anavyokumbukwa. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, na kati ya 1945 na 1947 alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson kule Mwadui. Kisha akaja Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Kutoka hapo akazunguka vijiji vya pamba akiwaunganisha wakulima, akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 likasajiliwa lile shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria ambalo kila mtu alilijua kwa herufi zake, VFCU. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kiwanda chake cha kuchambua pamba, Kasamwa kule Geita. Kufikia mwisho wa muongo ule vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300, na ununuzi wa pamba ya jimbo lote ulikuwa mikononi mwao. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha na balozi Marekani. Lakini mimi nikilisikia jina lake huwaza vitabu zaidi ya 300, vilivyoandikwa na makarani zaidi ya 300, ambavyo vyote vililazimika kukubaliana na kitabu kimoja cha Mwanza mjini.

Havikukubaliana kirahisi, kwa kuwa kila kitabu kilihesabu kitu tofauti. Chama kilihesabu pamba mbegu, kama ilivyotoka shambani, enzi hizo kwa ratili. Kiwanda kilihesabu marobota ya pamba nyuzi. Reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilihesabu mabehewa, na mzigo ungeweza kushuka kwa treni hadi Dar es Salaam au kuvuka ziwa kwa meli hadi Kisumu na kuendelea Mombasa. Bodi iliyouza nyuzi na mbegu ilihesabu fedha. Anayetaka kuoanisha vitabu hivyo hawezi kulinganisha namba kwa namba. Ni lazima ajue kinachotokea baina yao. Robota lilikuwa la ratili 400, kama kilo 181, na kipimo hicho bado kinatumika katika takwimu zetu. Pamba mbegu hutoa nyuzi kama theluthi moja ya uzito wake, ikizidi ni kidogo. Kwa hiyo nyuma ya kila robota lazima zionekane kilo 530 hivi kutoka mashambani. Marobota yakionekana mengi kuliko kilo zilizonunuliwa zinavyoruhusu, basi kuna pamba iliyopimwa pungufu mahali fulani na ziada yake imejitokeza kiwandani. Kanuni hiyo niliiandika kwenye programu mimi mwenyewe, lakini nilifundishwa mezani kwa mzee wangu, na yeye alifundishwa na union, yaani chama kikuu cha ushirika.

Mzee alikuwa karani wa chama cha msingi upande wa Magu katika miaka ya 1960. Msimu ukifunguliwa hakuonekana nyumbani hadi giza. Alikuwa na kitabu cha stakabadhi, karatasi za kaboni mbili, na peni aliyoikandamiza kwa nguvu ili nakala ya chini isomeke. Ya juu alipewa mkulima, ya pili ilikwenda union, ya tatu ilibaki kitabuni. Jioni aliziingiza zote katika daftari la siku, na kutoka daftari la siku ndipo alipohamishia kwenye leja, jina kwa jina. Hakuruhusu mtu yeyote aandike kwenye leja moja kwa moja. Na kila mzigo uliposhuka kwenye mizani aliusoma uzito kwa sauti, kwa Kisukuma, ili waliokuwa kwenye foleni wasikie kabla kalamu haijagusa karatasi. "Mwanangu, anayesikia ni shahidi," alikuwa akisema, "na shahidi hafutiki kwa kifutio."

Alifanya hivyo kwa sababu alijua makarani wengine hawakufanya. Mpimaji aliyewekwa na wakulima kumwangalia mnunuzi sasa alikuwa yeye mwenye mizani, na hakukuwa na wa kumwangalia yeye. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika na bodi za mazao mwaka 1966 ilikuta watumishi wasio na mafunzo, upendeleo, na udanganyifu katika fedha za wanachama. Miaka miwili baadaye VFCU na union zake ziliunganishwa kuwa chombo kimoja, Nyanza. Namheshimu kila aliyeujenga ushirika ule, na kwa sababu hiyohiyo sikubali historia yake isimuliwe bila ukurasa huu. Kitabu cha wakulima kinakoma kuwa cha wakulima pale mkulima anapokosa nakala yake au anapokosa wa kumsomea.

Kompyuta zingeweza kuingia mapema zaidi kuliko zilivyoingia. Serikali ilipata yake ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha ili ifanye hesabu za serikali. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu zilivurugika na fedha zikapotea, hata mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, na anayeihitaji akalazimika kuomba kibali. Marufuku ililegezwa miaka ya 1980. Kizazi kizima cha makarani wa Mwanza kiliendelea na kaboni na mashine za kujumlisha. Sina uchungu na hilo. Mashine iliyoletwa kabla watu hawajakubaliana nani anaandika nini na nani anamkagua nani ingefanya makosa yaleyale kwa haraka zaidi, na Wizara ya Fedha ilikuwa imekwisha kulionyesha hilo.

Kilichoniuma, na nilikuwa mtoto, ni mwaka 1976. Mwezi Mei mwaka ule vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vijiji vikauza moja kwa moja kwa Mamlaka ya Pamba, iliyokuwa mnunuzi, mchambuaji na mtunza hesabu kwa pamoja. Daftari la pili likafutika. Karatasi zilikuwapo bado, nyingi hata, lakini zote zilitoka katika kalamu moja, na nakala kumi za kalamu moja haziwezi kupingana hata pale zote zinapokuwa na kosa. Sheria ya 1982 ikaurudisha ushirika na Nyanza ikaanza tena mwaka 1984, ikiwa na madeni, wanachama wachache wenye imani, na makabati ya kumbukumbu yenye mapengo.

Kisha soko likafunguliwa, msimu wa 1994/95. Kampuni binafsi zikaja na fedha taslimu na kila moja ikaja na vitabu vyake. Mkulima aliyekopeshwa mbegu na dawa na mmoja aliweza kuuza kwa mwingine, kwa kuwa vitabu vya hao wawili havikuonana. Jibu lililopatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa zuri na naona halikuthaminiwa vya kutosha. Mfuko wa kuendeleza pamba ulimkabidhi mkulima kitabu. Kila alipouza, kwa mnunuzi yeyote, mauzo yaliandikwa humo, na kutokana na mauzo hayo akapata haki ya pembejeo za msimu uliofuata. Wanunuzi hawakuhitaji vitabu vyao vionane. Kumbukumbu ilisafiri na mkulima mwenyewe, kutoka mizani hadi mizani. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na haukudumu. Hata hivyo, kati ya yote yaliyojaribiwa tangu wapimaji wa Ukerewe, hakuna lililokaribia wazo lao zaidi ya huo.

Mimi niliingia kazini wakati kompyuta zimekwisha kuwa jambo la kawaida maofisini. Huko duniani tatizo langu lilikuwa limekwisha kupata zana zake. Edgar Codd wa IBM alikuwa ameandika mwaka 1970 jinsi ya kupanga data katika majedwali, na kampuni zilizofuata zikajenga kanzidata nyingi kwa msingi huo, kila moja na mazoea yake. Benki za Marekani zenye mashine za kutolea fedha zilihitaji miamala ionekane kwenye kompyuta zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 ikaanzishwa kule San Francisco kampuni ya GoldenGate kwa ajili ya haja hiyo hasa, na mwaka 2009 Oracle ikainunua. Siri ya zana za namna hii ni nyepesi kuielezea. Kanzidata kubwa haibadilishi salio lolote kabla ya kuandika pembeni, kwa mfuatano, mabadiliko inayokusudia kufanya. Anayerudufu hasomi salio. Anasoma ule mfuatano na kuurudia kwingine, hatua kwa hatua. Nilipofundishwa hivyo darasani nilimtambua mzee wangu na daftari lake la siku, na katazo lake la kugusa leja moja kwa moja. Utaratibu wa daftari la siku na leja ulichapishwa Venice na Luca Pacioli mwaka 1494. Umetembea muda mrefu hadi kufika Magu.

Zana hizo hazikutengenezwa na mtu aliyewahi kusikia Kisukuma, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua majina. Katika lugha ya SQL, inayotumiwa na karibu kanzidata zote za biashara, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga maandishi. Mkulima anaitwa Ng'wandu, anatoka Nyang'hwale. Programu isiyoandikwa kwa uangalifu huona jina limeishia kwenye Ng, na kinachofuata hukichukua kuwa ni amri. Mzigo wake hukataliwa. Kwenye mfumo wa pili fundi ameamua kuziondoa ritifaa zote, kwa hiyo kuna Ngwandu. Kwenye wa tatu karani ameandika Mwandu kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Simu nazo zina ritifaa za aina mbili tatu zinazofanana machoni lakini kwa kompyuta ni alama tofauti. Mtu mmoja amekuwa wanne, na fedha zake ziko kwa mmoja wao.

Upande mwingine, watu wanne huwa mmoja. Kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Kijiji kimoja kina akina Doto wengi, na baba zao huenda wote ni Masanja. Mfumo unaotambua watu kwa majina utawaunganisha, utajumlisha kilo zao, na utamlipa mmoja. Kwa hiyo siku zote nadai namba: ya mwanachama, ya kituo, ya stakabadhi, zote tatu pamoja. Stakabadhi ikifika mara mbili, kwa sababu mtandao ulikatika katikati na kifaa kikatuma upya, namba hizo tatu ndizo zitakazouzuia mzigo usihesabiwe mara ya pili. Kule Ng'haya mtandao hukatika mara kwa mara, na pamba ya jana hufika kwenye seva leo. Bei ikiwa imebadilika usiku, mkulima alipwe bei ipi? Ya saa ya mizani, si ya saa ya seva. Nimekaa vikao virefu kulitetea hilo, kwa kuwa mifumo mingi huweka muda wa kupokea na kuutupa muda wa kupima. Na anayeandika muda kwa mkono huandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, wakati kompyuta inaelewa usiku wa manane.

Kuna jambo la desimali ambalo siwezi kuliruka. Mizani ya kidijitali husoma kilo 23.7. Katika kampuni moja niliyowahi kuihudumia, jedwali lililopokea uzito huo upande wa pili lilikuwa limepangwa kwa namba nzima, kwa hiyo kilo zikaingia 23. Hakuna aliyekusudia kumwibia mtu. Lakini kituo kinachopima mizigo 400 kwa siku, kila mmoja ukikatwa kwa wastani nusu kilo, hupoteza kilo 200 kila jua likizama, na kilo hizo hupotea upande mmoja tu, wa mkulima. Jumla za mifumo yote miwili zilikuwa safi, kila moja ndani ya nyumba yake. Kilichozifichua ni ile hesabu ya marobota na theluthi: kiwanda kilikuwa kinatoa nyuzi nyingi kuliko pamba iliyonunuliwa. Malalamiko yaleyale ya mizani ya miaka ya 1940 yalikuwa yamerudi ndani ya safu ya jedwali, na yalinaswa kwa sababu kiwandani palikuwa na mtu mwingine aliyehesabu kitu kingine kwa mizani nyingine.

Tangu 2018 pamba hununuliwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS, na malipo mengi hupita benki na simu. Simu zimetusaidia sana. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kuanzia 2014 mitandao ilianza kukubaliana kupitishiana fedha, jambo ambalo kampuni zinazoshindana katika nchi nyingi hazikuwa zimelifanya. Serikali nayo inasisitiza mifumo yake isomane, na naunga mkono kwa moyo wote. Wasiwasi wangu ni juu ya namna ya kusomana. Njia rahisi kuliko zote ni kuwa na mfumo mmoja unaoandika na mingine yote inayopokea. Inaleta jumla zinazofanana kila mahali, inafurahisha kikaoni, na ndiyo 1976 yenyewe.

Ninachokiandika katika kila mkataba wa kazi yangu sasa ni vifungu vitatu. Kiwanda kipime chenyewe getini na kisiruhusiwe kunakili uzito wa chama. Tofauti kati ya vitabu ihifadhiwe kwa tarehe na kituo, isisawazishwe kimyakimya usiku na programu. Cha tatu ndicho kinachobishaniwa zaidi, kwa sababu kina gharama: ujumbe wa simu kwa mkulima utoke kwenye kifaa cha mizani palepale, wenye uzito kamili na desimali zake na bei ya saa ile, kabla data haijaondoka kituoni kuelekea seva yoyote. Wahasibu huniuliza kwa nini tusiutume baadaye, mfumo ukishathibitisha. Nawajibu kwamba ujumbe unaotoka baada ya uthibitisho unamweleza mkulima tulichoamua sisi, wakati yeye anastahili kushika kilichosomwa mbele ya macho yake. Msimu uliopita vituo viwili vilikubali. Msimu huu, ukifunguliwa mwezi Mei, tunaanza Ng'haya.